Mwalimu, hii AI tushangilie ama tuogope?

Swali limetoka Malaba, upande wetu wa Uganda, kwa kijana anayefanya kazi ofisi ya wakala wa forodha, yeye ndo hujaza entri za mizigo kwenye kompyuta. Ameandika hivi: "Mwalimu habari ya kazi. Bosi ametuambia mwakani ataleta AI ya kujaza zile karatasi, sisi tuko sita huenda tukabaki wawili. Pasta naye anasema hii kitu ni yule mnyama wa kwenye Ufunuo. Dada yangu mdogo yuko S6, anataka kusomea kompyuta chuoni na wa kumlipia karo ni mimi. Kwenye simu kila mtu anasema lake, wengine dunia inaisha, wengine umaskini umeisha. Niambie ukweli, tushangilie ama tuogope?"

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma Ijumaa na mpaka leo liko kichwani, manake wewe huulizi kwa kupitisha muda, unauliza na mshahara wako na karo ya dada viko mezani. Kwa hiyo jibu nakupa kwanza alafu maelezo yatafuata. Pale ambapo watu wetu wamekaa chini wakaifundisha hii mashine kwa vitu vyetu wenyewe, majani ya shamba letu, damu ya wagonjwa wetu, lugha zetu, mimi nashangilia bila aibu. Na pale inapoletwa ikiwa imeshapikwa kwingine, haitujui sura wala lugha wala maisha, na bado inapewa kiti cha kuamua, hapo naogopa, na naomba na wewe uogope. Wengi wanaogopa mashine kuwa na akili kupita kiasi, lakini mimi kinachonisumbua leo ni mashine isiyotujua na watu wanaiamini kama vile inatujua.

Sasa ujue kwanza hii AI, yaani akili bandia, inafanyaje kazi, manake bila hapo mtu anaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Zile programu za kuongea kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi sana ya kwenye intaneti na vitabu, na msingi wake ni kujifunza kitu kimoja: ukishaandika maneno haya, neno gani linaelekea kufuata. Msingi ndo huo. Ukirudia hivyo mara nyingi sana kwa kompyuta kubwa sana unapata kitu ambacho kinaandika barua vizuri, kinatafsiri, kinatatua hesabu, hata kinaandika programu, na mimi niliyesoma hii kazi miaka mingi bado kuna siku nakaa nashangaa. Lakini angalia, mashine imejifunza kuandika kinachofanana na jibu. Pale ilipokula maandishi mengi, kinachofanana na jibu mara nyingi ndo jibu lenyewe. Pale ilipokula kidogo, inaandika tu, kwa sauti ile ile ya kujiamini, na wewe msomaji huoni tofauti. Mwaka 2023 kule New York mawakili wawili walipeleka mahakamani karatasi zenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, kesi zina majina na tarehe na kila kitu, ila hazikuwahi kuwepo, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Na hiyo ni Kiingereza, sheria ya Marekani, mahali mashine ilipokula ikashiba. Sasa fikiria Kiteso cha kwenu. Fikiria Kilugbara cha kwetu Arua. Mimi nimeiuliza mambo ya Kilugbara ambayo bibi yangu angejibu huku anapepeta mtama, ikanipa maneno mazuri yamepangwa vizuri na nusu yake hakuna Mlugbara aliyewahi kuyasema.

Turudi kwa kazi yako maana najua ndo inakukosesha usingizi. Sitakudanganya, ile sehemu ya kunakili kutoka invoisi kwenda kwenye skrini inaondoka. Mashine inasoma picha ya invoisi, inatoa jina la mwenye mzigo, uzito, thamani, inajaza, na haichoki saa nane usiku trela zikiwa zimepanga foleni. Bosi wako hajakosea hapo. Ila chukua mzigo mmoja wa mitumba unaotoka Mombasa. Kwenye invoisi mtu ameandika "nguo" tu, pengine kwa uvivu, pengine kwa ujanja. Mashine inaona nguo, inaona ni za pamba, inapeleka sura ya 61 ama 62 kwenye zile namba za HS za kupanga bidhaa za forodha, huko ni kwa nguo mpya. Wewe uliyesimama yadi ukaona yale marobota yamekazwa, unajua bila kufikiria ni 6309, nguo zilizovaliwa, ushuru wake unahesabiwa kivingine kabisa. Na entri ikikosewa URA, mamlaka yetu ya mapato, hawaiiti mashine, mashine haina leseni, wanamwita wakala mwenye leseni na mwenye mzigo ndo wanalipa. Kwa hiyo ofisini kwenu ile kazi ya kuandika inapungua, ile ya kuangalia na kukataa inabaki, na wale wawili watakaobaki watakuwa wanaojua kwa nini namba fulani ni hiyo na si nyingine. Kama bado hujafanya ile kozi ya EACFFPC ambayo mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki wanaijua, ifanye sasa, usingoje mwakani. Jifunze thamani ya forodha inahesabiwaje, jifunze cheti cha uasili wa bidhaa, kaa na wazee wa hiyo kazi uwaulize mizigo iliyowasumbua. Na hiyo AI bosi akiileta, wewe uwe wa kwanza kuikalia, uipe entri za zamani ambazo majibu yake mnayajua, mhesabu imekosea ngapi na imekosea wapi, alafu mpelekee bosi hiyo hesabu. Mtu anayejua mashine inakosea wapi ni mgumu kumfukuza.

Wanne wengine je? Hapo moyo wangu unauma na sina maneno matamu. Wanaosema kila kazi ikiondoka nyingine inakuja, wanasema ukweli wa miaka hamsini, wakati kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Ila pia usiwaamini wanaokutajia tarehe ya kazi zote kuisha. Geoffrey Hinton, mmoja wa wanaoitwa mababa wa hii teknolojia, mwaka 2016 alisema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, ndani ya miaka mitano mashine itawashinda. Miaka mitano ikapita, na mpaka leo hao madaktari bado wanatafutwa na hawatoshi, kwa sababu kusoma picha ilikuwa kipande kimoja tu cha kazi yao. Kama aliyeijenga amekosea hesabu ya kazi kiasi hicho, bosi wako pia anaweza kukosea, na mnaweza kumwomba mjaribu miezi michache kabla ya kumtoa mtu.

Sasa nikwambie kinachonifurahisha, na hapa nisamehe nikiongea sana.

Makerere kuna maabara ya akili bandia, na kati ya waliokuwa wanaisukuma ni Ernest Mwebaze. Hao watu walianza na muhogo. Wewe wa Malaba unajua muhogo ni nini kwa nyumba, mahindi yakikauka muhogo ndo unabaki. Na muhogo una magonjwa mabaya, batobato linakunja majani, na ile michirizi ya kahawia mbaya zaidi, manake unaweza kuona shamba liko sawa, majani yako juu, ukaja kuchimba ukakuta mzizi umeoza ndani una madoa ya kahawia, mwaka mzima umepotea. Wataalamu wa kutambua haya ni wachache, hawawezi kufika kila shamba. Basi wakachukua picha, nyingi zikapigwa na wakulima wenyewe shambani kwao, wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakakaa wakaangalia moja moja wakasema hii ni ugonjwa huu, hii ni mzima. Picha 21,367, zikawekwa wazi kwa dunia nzima kama mashindano mwishoni mwa 2020, maelfu ya timu kutoka nchi nyingi wakashindana kuifundisha kompyuta kutambua jani la muhogo la Uganda. Umeelewa hapo? Safari hii dunia ilikuja kujifunza kwa jani letu. Na aliyefanya ile kazi ngumu hakuwa mtu wa kompyuta kubwa, alikuwa mkulima mwenye simu na mtaalamu wa mimea mwenye subira ya kuangalia jani baada ya jani. Sisemi imemaliza shida, picha ya jani haioni mzizi ulioko chini ya udongo, na simu nyingi vijijini kamera zake ni hafifu. Lakini hiyo ni AI inayotujua.

Malaria vile vile. Kwenye kituo cha afya, kupima kwa slaidi kunataka mtu wa maabara mwenye jicho zuri, na huyo mtu ni mmoja na foleni ni ndefu, jicho linachoka. Rose Nakasi na wenzake Makerere wakafunga simu kwenye maikroskopu kwa kishikio walichotengeneza na printa ya 3D, simu inapiga picha ya damu, programu inatafuta vijidudu. Ilifundishwa kwa slaidi za hapa, zilizosomwa na watu wa maabara wa hapa. Na ile AirQo ya Engineer Bainomugisha, wanapima uchafu wa hewa Kampala kwa vifaa walivyounda wenyewe vinavyovumilia vumbi letu na umeme wetu wa kukatika, wakavifunga kwenye nguzo na hata kwenye boda, alafu kompyuta inakadiria hewa ya mitaa ambayo haina kifaa. Mwaka 2019 Google waliwapa dola milioni 1.3 kuendeleza hiyo kazi. Vifaa vya kutoka nje vya kazi hiyo bei yake ni ya kutisha, tungengoja mpaka wajukuu.

Nje ya kwetu pia yapo ya kushangilia, mwaka 2024 tuzo ya Nobel ya kemia sehemu yake ilienda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya AlphaFold inayokadiria umbo la protini, kazi ambayo protini moja tu ilikuwa inaweza kula miaka ya mtu maabara. Dawa zitakazotoka huko zitatufikia na sisi, naamini hivyo.

Alafu pasta wako. Mimi ni mwumini na siwezi kumcheka mchungaji anayewalinda kondoo wake. Mwambie tu tusome pamoja ile sura ya 13. Mnyama pale anatisha kwa jambo gani? Mtu asiye na chapa hawezi kununua wala kuuza. Yaani kuna mtu ama kitu kinachoweza kumfungia mwenzake maisha, na hakuna pa kwenda kuuliza kwa nini. Mimi sioni huyo mnyama ndani ya kompyuta, lakini ile hofu ya kufungiwa bila kuulizwa ni hofu ya haki kabisa, na iko karibu kuliko watu wanavyodhani.

Umeomba mkopo kwenye simu? Ukakataliwa ndani ya sekunde? Hakuna mtu aliyekaa akafikiria habari zako, ni programu imeangalia namna unavyoweka na kutoa pesa ikasema hapana. Dada wa sokoni anayefanya biashara yake yote kwa keshi anaonekana kwa hiyo mashine kama mtu asiye na kitu, kumbe anazungusha pesa kuliko mimi. Hapa nataka ujue kitu ambacho Waganda wengi hawakijui: sheria yetu ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuandika barua kwa anayeshika data zako na kudai uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Barua tu. Iko kwenye sheria, imekaa pale, na mimi sijakutana na watu watano waliowahi kuitumia.

Ama sura zetu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, dada zetu wawili, walipima programu za makampuni makubwa zinazoangalia sura na kusema huyu ni mwanaume ama mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7, yaani karibu mwanamke mmoja kwa kila watatu. Sababu ni ile ile, mashine ilikuwa imelishwa picha za wazungu wengi na sisi wachache. Baada ya kelele makampuni yalirekebisha, na hiyo inaonyesha kelele zinasaidia. Polisi yetu nayo ilinunua kamera za dola milioni 126 zenye uwezo wa kutambua sura, ilitangazwa 2019. Sisemi kamera hizo ndo zilizopimwa na hao dada, hapana. Nasema mwananchi ana haki ya kuuliza zimepimwa kwa sura za nani na zinakosea mara ngapi, kabla kijana hajakamatwa Kisenyi kwa sababu kompyuta imesema anafanana na mwingine.

Na wafere, yaani matapeli. Hii usiingoje kesho, iko leo. Programu za sasa zinahitaji sekunde chache tu za sauti ya mtu ziige aongee chochote. Sauti ya mama yako ikipiga usiku inalia nimepata ajali tuma pesa kwa namba hii, inaweza isiwe mama. Kaeni nyumbani mchague neno moja la siri, la kilugha chenu, lisiloandikwa popote kwenye simu, na yeyote anayeomba pesa kwa dharura aulizwe hilo neno kwanza. Fanyeni wiki hii.

Ile hofu kubwa ya dunia kuisha nisiiruke, maana uliuliza. Hinton huyo huyo aliacha kazi Google Mei 2023 ili aongee wazi kuhusu hatari, na mwezi huo huo yeye na mamia ya wanasayansi walitia saini sentensi moja, kwamba hatari ya AI kuangamiza binadamu ipewe uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Alishinda tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya watu wa kompyuta, ya 2018 pamoja na Yoshua Bengio na Yann LeCun, na leo Bengio anaogopa kama yeye, LeCun anasema mmezidisha. Watatu waliopewa tuzo moja kwa kazi moja hawakubaliani, kwa hiyo ukisikia mtu wa TikTok ana uhakika, mwache aende. Wanachoogopa ni hivi: ukimwambia mtu wa boda nifikishe haraka Old Taxi Park, anajua bila kuambiwa humaanishi agonge watoto njiani. Kuna mambo elfu hatusemi kwa sababu binadamu mwenzio anayajua. Mashine yenye nguvu sana isiyoyajua hayo tusiyosema, ukiipa lengo, inaweza kulifikia kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Siwezi kukwambia ni upuuzi, wanaolisema wanaijua hii kazi kuliko mimi. Nafurahi kuna watu wanalala na kuamka na hilo swali. Lakini angalia, hata hiyo hofu kubwa ni ile ile ya mashine isiyotujua, imevaa nguo kubwa zaidi.

Umebaki dada yako. Mpeleke asome, ndiyo. Ila msiuziwe ndoto kwamba kazi ya AI yote ni ofisi ya vioo. Kuna kazi ya kuweka lebo kwenye data, kampuni ya Sama imekuwa na ofisi mpaka Gulu, na Januari 2023 gazeti la Time liliandika jinsi vijana Nairobi walivyosoma maandishi ya kutisha siku nzima ili ChatGPT ijue ya kuzuia, kwa chini ya dola mbili kwa saa. Kazi ni kazi na siidharau, lakini dada yako asiishie hapo kwa kukosa hesabu. Asome takwimu kwa nguvu zote, lugha za programu zinabadilika kila mwaka, takwimu inakaa. Na asiitupe Kiteso. Kuna watu hapa Kampala, Sunbird AI, wamekusanya sentensi za Kiteso, Kilugbara, Kiacholi, Kiganda na Kinyankole wakaziachia huru mtu yeyote azitumie, na hiyo kazi bado ni changa kabisa, inataka watu waliokulia kwenye lugha wakajua na kompyuta, na hao ni wachache sana.

Akimaliza mitihani atakuwa na ile likizo ndefu ya S6. Mnunulie bando kidogo, akae na bibi yenu jioni, aiandikie hiyo mashine kwa Kiteso cha nyumbani, mambo ya kawaida, mvua, mtoto ana homa, mbuzi amepotea, bei ya mtama. Kila inapokosea bibi ataisahihisha, na dada aandike kwenye daftari, huku sentensi ya mashine, huku ya bibi. Daftari likijaa mniletee Kampala, nitakaa naye mwenyewe nimwonyeshe linageuzwaje kuwa kitu ambacho mashine inaweza kujifunza.